Kabla hujanunua mtungi wa gesi kwa ajili ya tangi lako la mimea

Wateja wangu wengi huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu: tangi la Kijapani, zulia la kijani sakafuni, nyuma majani mekundu kama mchicha mwekundu. Halafu swali: "Fundi, hii gesi yake shilingi ngapi?" Gesi yenyewe ni hewa ukaa (CO2), inayoingizwa majini kulisha mimea. Kazi yangu ni kufunga na kutunza matangi ya vioo ya mimea ya majini hapa Dar es Salaam, na swali hilo huwa nalijibu kwa swali lingine. Taa yako inawaka saa ngapi kwa siku?

Saa 12, ndilo jibu la wengi. Taa yenyewe kali, vioo vimeota mwani, majani yana matobo. Hapo gesi siyo ya kwanza kushughulikiwa. Taa imezidi.

Mmea wa majini unakula hewa ukaa kama mhindi wa shambani, ila unaipata kwa shida. Gesi hii inasambaa majini polepole kuliko hewani, tofauti ikifika kama mara 10,000. Tena maji yaliyokaa wazi hubaki na miligramu 0.6 hivi tu kwa lita. Jani likishamaliza kilicho jirani yake linakaa kusubiri. Ukilizidishia mwanga, umelizidishia njaa na chakula hujaleta. Mmea unadumaa, mwani unajinafasi. Kwa hiyo huwa nashusha taa hadi saa 7 kwa siku, nawaacha wiki 3, kisha ndiyo tunaongea habari ya mtungi. Nusu yao hawarudi tena kuulizia gesi, na biashara yangu inapungua kwa hiari yangu mwenyewe.

Ipo pia mimea isiyokudai kitu. Anubias ya Afrika Magharibi ni mmoja: unakua taratibu, unaishi kwenye kivuli, hauna haraka. Vallisneria na Hydrilla zimekwenda mbali zaidi. Zote mbili zinaota Ziwa Tanganyika, ambako pH ya maji (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inakaribia 9 na gesi huru ni haba, lakini zinajua kuchota kaboni kwenye bikabonati iliyoyeyuka majini, ndugu wa ile magadi soda ya jikoni. Mwenye kisima cha maji magumu kule Kigamboni apande hizo, alale usingizi.

Kuna chupa zinauzwa kwa jina la kaboni ya maji. Nyingi ndani yake ni glutaraldehidi, dawa inayotumika hospitalini kuua vijidudu kwenye vifaa. Inaua mwani kweli, na sifa zake zote zimetoka hapo. Vallisneria nazo inaziyeyusha. Mimi siiuzi.

Sasa tuseme umepunguza taa, mbolea umeweka, na bado unalitaka lile zulia la kijani. Sawa, gesi unaihitaji. Lengo ni miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Wengi tumeanzia kwenye chupa ya plastiki ya lita 2: sukari gramu 200, nusu kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu, na mpira wa dripu kutoka duka la dawa, tena ukiwa na kile kigurudumu chake cha kubana. Kwa tangi dogo inafaa. Ubaya wake, siku mbili za mwanzo hamira ina nguvu za mwendawazimu, wiki ya pili imechoka, na usiku haijui kulala. Mimea inavumilia gesi kidogo. Gesi ya kupanda na kushuka inaidhoofisha, na mwani unasubiri siku hiyo hiyo. Magadi soda na unga wa ndimu kwenye chupa zenye valvu huleta utulivu zaidi, lakini mtungi wenye regulata (kifaa cha kupunguza presha), valvu ya sindano na taima haujapata mpinzani.

Kwenye kupima ndiko watu wanakodanganyika. Kanuni inayotumika ni hii: gesi kwa miligramu ni 3 mara KH (kipimo cha bikabonati iliyomo majini), mara 10 kwa kipeo cha 7 kutoa pH. Ukiwa na maji ya bomba yenye KH 4, miligramu 30 unazifikia pH ikiwa 6.6. Kwa maji ya kisima yenye KH 12, gesi ile ile unaipata pH ikiwa 7.1 hivi. Ndiyo maana mtu akiniambia tu "pH yangu ni 6.8" bado hajaniambia kitu. Na kama umetia majani ya mkungu tangini, kama tunavyopenda huku Pwani, asidi zake zinashusha pH bila gesi yoyote kuongezeka, na kanuni inakupa jibu la uongo.

Suluhisho ni kijichupa cha kioo kinachoning'inia tangini, mdomo ukitazama chini, ndani mna maji ya KH 4 na matone ya bromothimoli bluu, dawa inayobadilika rangi kufuata pH. Bluu, gesi haitoshi, kijani, ni kama miligramu 30, njano, imezidi. Maji ya tangi usiyaweke humo. Tengeneza yako: yeyusha gramu 1.2 za magadi soda kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa, chota mililita 100 za hayo, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ifike lita 1. Basi, hiyo ni KH 4. Ukinunua maji ya betri soma lebo kwanza, kuna ya asidi na ya kawaida, na madumu yanafanana.

Kijichupa hicho kina kasoro moja ambayo mimi niliilipia. Gesi inahitaji muda kuvuka kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye ile rangi, saa 1 au hata 2. Jumamosi moja, nikiwa na tangi la lita 120 na neon tetra 20, rangi ilikuwa bluu. Nikafungua valvu kidogo. Baada ya dakika 20 bado bluu, nikafungua tena, nikavaa, nikaenda harusini. Saa 3 usiku mke wangu akanipigia. "Baba Nasra, samaki wako wote wapo juu wanakunywa hewa." Nilipofika, rangi ilikuwa njano kama embe lililoiva. Nilifunga gesi, nikawasha pampu ya hewa, nikabadilisha nusu ya maji. Walipona 9.

Oksijeni tangini ilikuwepo, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Hewa ukaa ikijaa majini, samaki anashindwa kuitoa ile ya kwenye damu yake, damu inakuwa na asidi, na damu ya namna hiyo haibebi oksijeni vizuri. Anakosa pumzi katikati ya oksijeni. Joto letu linazidisha balaa: maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, huku mwili wa samaki ukiidai zaidi. Tangu siku ile nikigusa valvu ni asubuhi, siku ambayo nipo nyumbani, mara moja tu, na sigusi tena mpaka kesho yake. Taima inafungua gesi saa 1 kabla ya taa na kuifunga saa 1 kabla taa hazijazimwa. Solenoidi, yaani valvu ya umeme inayoongozwa na taima, iwe ya kujifunga umeme ukikatika.

Mtungi usilaze. Ufunge kwa mkanda, wima, chumba chenye dirisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua vizuri kuliko sisi. Mabonde yenye gesi ya volkano, wanayoyaita mazuku, huua mifugo na hata watu. Mtungi wa kilo 2 hauwezi kuwa mazuku kwenye sebule iliyo wazi. Ndani ya stoo iliyofungwa sitakuahidi.

Na usiitegemee geji kujua kilichobaki. Maadamu ndani kuna gesi ya kimiminika, mshale unasimama pale pale, uwe umejaa au umebaki robo, unasogezwa na joto tu. Chumba kikipita nyuzi 31, kimiminika chenyewe hakipo tena na mshale unakuchanganya zaidi. Ukija kuuona unashuka, umekaribia mwisho, na regulata za bei rahisi huo ndio wakati wa kuachia gesi nyingi kwa mpigo. Mimi napima kwa mizani ya dukani. Uzito mtupu umegongwa shingoni mwa mtungi. Nikikuta imebaki gramu 200 juu ya huo, naufungua napeleka kujazwa.