Safari ya Kwanza ya Kuteleza Juu ya Mawimbi: Panga kwa Upepo Kwanza, Tikiti Baadaye

Watu wanaonijia kutaka ushauri wa safari yao ya kwanza huanza karibu wote na swali la hoteli au la tikiti, nami huwarudisha kwenye swali ambalo hawakuliuliza: mnakwenda mwezi gani? Nimefundisha wanaoanza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao kwa miaka kadhaa, na kisiwa ninachowapeleka ni Sri Lanka, katika mji mdogo wa Weligama ulioko pwani ya kusini. Kabla ya kujua thamani ya swali hilo, nililipia ujinga wangu mwenyewe.

Mara ya kwanza nilikwenda Julai, kwa sababu tikiti ilikuwa nafuu. Nimezaliwa Mombasa na majina ya pepo nimeyajua tangu utotoni, lakini haikunipitikia akilini kwamba kusi tunayoijua sisi, ikishavuka ikweta, hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, ikaipiga pwani ile uso kwa uso. Niliikuta ghuba imechafuka, mawimbi yakiporomoka ovyo huku na huku, na katika siku sita niliingia majini mara mbili tu.

Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hubadilika. Kaskazi huvuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini, na kwa kuwa ghuba ya Weligama imeelekea kusini, upepo huo hukutana na wimbi linalokuja na kulizuia kidogo lisianguke mapema, hivyo uso wake hubaki laini na wenye umbo ambalo hata mgeni huweza kulisoma. Wakati huohuo dhoruba za bahari ya kusini ya mbali, ambazo ndizo mama wa mawimbi haya, huwa zimepungua nguvu. Asubuhi ndiyo saa yake, kwa maana jua likishapanda upepo wa baharini huamka na kuuvuruga uso wa maji. Mwenye likizo ya Julai au Agosti pekee asikate tamaa, kwani msimu huo pwani ya mashariki, upande wa Arugam Bay, ndiyo inayofaa. Atafute tu fukwe za mchanga zilizo jirani, kwa kuwa mawimbi ya rasi ya Arugam Bay yenyewe si ya mwanafunzi.

Jambo la pili ni kilicho chini ya maji. Huulizwa mara nyingi kwa nini mtu wa Pwani afunge safari ilhali bahari anayo mlangoni. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe, na wimbi huvunjika huko nje, juu ya mwamba mkali, huku ndani kukibaki maji matulivu. Tena bamvua yetu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mahali palipofaa saa mbili asubuhi huenda pakawa pakavu saa tano. Weligama, ambayo jina lake kwa Kisinhala lina maana ya kijiji cha mchanga, ina sakafu ya mchanga inayoinama polepole, na tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki mita 1. Ukianguka, na utaanguka sana, unaangukia mchanga. Midigama iliyo karibu nayo ina mwamba. Iacheni kwa safari nyingine.

Mkisoma utabiri wa bahari, msiangalie urefu wa wimbi peke yake. Angalieni pia sekunde kati ya wimbi na wimbi, maana wimbi la mita 1 linalokuja kila baada ya sekunde 14 limetoka mbali na lina nguvu kuliko la urefu huohuo linalokuja kila baada ya sekunde 7.

Tengeni siku saba za majini, si tatu. Siku mbili za kwanza mwili huuma mabega na mbavu kwa kupiga maji kwa mikono, siku ya tatu wengi hushindwa kabisa, na kwa kawaida ni siku ya nne au ya tano ambapo mtu huanza kuinuka bila kufikiri. Kodini ubao wa sponji wa futi 8 au 9 hukohuko, hata kama kijana wa dukani atawashawishi mchukue mfupi unaopendeza machoni. Vaeni fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu, kwani mko nyuzi 6 tu kutoka ikweta na jua ni kali. Wanafunzi wangu wanaojisitiri huvaa vazi zima, na hakuna anayewashangaa.

Kutoka Colombo kuna treni inayoambaa na bahari hadi Weligama, nami huipendelea kuliko gari. Anayetoka Kenya abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kwa anayechanjwa mara ya kwanza cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Viza ishughulikiwe mapema mtandaoni.

Hatari kubwa Weligama si papa wala kina, ni mbao za wenzenu, kwa sababu ghuba hujaa wanafunzi. Msiuweke ubao kati yenu na wimbi, msiuachilie kwa kutegemea kamba ya mguuni, na mkianguka kingeni kichwa kwa mikono kabla ya kuibuka. Wimbi ni la aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika, hata kama nanyi mmelisubiri nusu saa. Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao. Shikilia ubao wako, pinda sambamba na ufuo mpaka uachwe, ndipo urudi pamoja na povu.