A, an na the: lini uweke, lini uache

Kuna watu wamesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza mpaka chuo, wanabishana nacho saa nzima bila kukwama, lakini mwambie mmoja wao aandike ukurasa mmoja tu utakuta ameandika "she is doctor" hapa na "the life is hard" pale. Sio uzembe. Kiswahili hakina hivi vineno vitatu ambavyo wenyewe wanaviita articles, Kirusi hakina, Kichina hakina, Kijapani nacho hakina, na wasemaji wa lugha hizo wanajikwaa palepale tunapojikwaa sisi. Kwa hiyo usijione mjinga.

Shuleni wengi tulipewa kanuni moja fupi, kwamba "a" ni ya kitu kisichojulikana na "the" ni ya kitu kinachojulikana. Sio uongo, ila sentensi haikumaliziwa. Kinajulikana na nani? Hapo ndo penye mchezo wote. Anayehesabika ni yule anayekusikiliza au anayekusoma, sio wewe. Chukulia umenunua simu jana, unayo mkononi, unaijua rangi yake mpaka mkwaruzo wake wa nyuma, lakini ukimsimulia mtu ambaye hajawahi kuisikia unasema "I bought a phone yesterday", maana wewe unaijua ila yeye bado. Ukiendelea unasema "the phone has a scratch". Simu sasa anaijua, umeshamtajia, ila mkwaruzo ndo kwanza anausikia, kwa hiyo simu imeshapanda ikawa "the" na mkwaruzo unaanzia chini kwenye "a".

Kipimo changu ni hiki, kabla hujaandika "the" jiulize kama msomaji atauliza "ipi?" au "yupi?". Ukimwandikia mtu meseji "I met the man yesterday" na hamjawahi kuongelea mwanaume yeyote, lazima atakurudishia "mwanaume yupi?", na hilo swali lake ndo alama yako ya kosa. Kama hana haja ya kuuliza, weka "the" ulale.

Na usidhani ni jambo geni kwetu. Sikiliza hadithi inavyoanza: hapo zamani za kale paliondokea mfalme mmoja, alikuwa na binti mmoja, siku moja yule mfalme akamwita yule binti. Hakuna mtoto anayeuliza kwa nini mfalme "mmoja", kwani walitegemewa wawili? Ule "mmoja" hauhesabu mtu, unamtambulisha, na akishatambulishwa anageuka "yule". Mmoja halafu yule, a halafu the. Wala silazimishi ufanano, kwa sababu "an" ya Kiingereza asili yake ni neno la kale lenye maana ya moja kabisa, na "the" imetoka kwenye maneno ya kuonyeshea, ukoo mmoja na "that". Waingereza walichukua mmoja na yule wao wakawasugua mpaka wakabaki vipande vidogo, halafu wakavifanya lazima. Tofauti kubwa ni hiyo ya ulazima, sisi "mmoja" na "yule" tunaweka tukitaka, wao hawana ruhusa ya kuacha.

Hata jina la mtu linaingia humu. Ukisema "a Mr Ali called you" unamaanisha kuna Ali mmoja kakupigia, Ali fulani, simfahamu.

Tuna na ujanja mwingine tunaoutumia kila siku bila kuushtukia. Linganisha "umeona kitabu?" na "umekiona kitabu?". La kwanza linaweza kuwa kitabu chochote, la pili mimi na wewe tunajua tunatafuta kipi, ile "ki" imefanya kazi ya "the". Kwa watu na wanyama haisaidii sana kwa sababu kule "m" tunaiweka hata kwa mtu tusiyemjua, unasema tu "nimemwona mtu", ila kwa vitu inasaidia, ukiwa na mashaka itafsiri sentensi yako kichwani uone kama ungeweka hiyo "ki" au "li" au "i".

Sasa "a" na "an", hii ni fupi ila watu wameikariri vibaya. Tuliambiwa tuangalie herufi, a e i o u, kumbe ni sauti. "Hour" inaanza na h ya mapambo, haitamkwi, kwa hiyo "an hour". "University" inaanza na u lakini mdomoni unasema "yu", na y ni konsonanti, kwa hiyo "a university", na "European" ni hivyohivyo. "One" inasikika "wan", basi "a one-way road". Vifupisho ndo mtego wenyewe: "an NGO" kwa sababu unasema "en", "an SMS" kwa sababu unasema "es", ila "a NASA engineer" kwa sababu NASA hatuitaji herufi kwa herufi, tunaisoma kama neno. Ukisoma kwa sauti huwezi kukosea, ukisoma kwa macho utakosea kila siku.

Halafu tunavyofundishwa kwamba "an" ni "a" iliyoongezwa n, historia inasema kinyume, mwenye mji ni "an", n ikadondoka mbele ya konsonanti. Na katika kudondokadondoka huko n nyingine zilihama nyumba. Aproni ya jikoni zamani ilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" wakadhani ni "an apron", n ikaenda zake jumla. Sisi tusicheke sana, maana tulipochukua maneno ya Kiarabu tuliyabeba na "the" yao ndani: ile "al" ya mwanzo wa alfajiri, alasiri na Alhamisi ndo "the" ya Waarabu, tumeimeza mzima mzima na hakuna anayeisikia tena.

Turudi kwenye "the", kwa sababu kuna mahali inatokea bila utambulisho wowote na watu wanachanganyikiwa. "Close the door" unamwambia mtu aliyeingia sasa hivi, hamjawahi kuongelea mlango wowote, lakini mko chumba kimoja na mlango ni huohuo, hawezi kuuliza upi. "I bought a car but the engine is dead", injini haijatajwa kabla, ila gari likishatajwa injini yake imekuja nayo, na usukani, na matairi, vyote vina "the" bure. Jua na mwezi vivyo hivyo, "the sun", "the moon", tunavyoviona ni hivyo tu. Na ndo sababu maneno kama "first", "best", "same" na "only" kwa kawaida yanatembea na "the", wa kwanza ni mmoja na aliye bora kuliko wote ni mmoja, utauliza yupi? Ila ukikuta "an only child" usishtuke, huyo ni mtoto wa pekee kwao, na watoto wa pekee duniani wako wengi.

Kwa maoni yangu lakini, a na the sio shida kubwa. Shida kubwa ni pale pasipotakiwa kitu. Hakuna sheria shuleni ilipitiwa haraka kama hiyo, na ndo inayotuumbua. Ukiongelea kitu kwa ujumla wake, kama wazo, au vitu vyote vya aina hiyo, unaacha wazi: "life is hard", "dogs bite", "water is important". Ukisema "the dogs bite" unanionya kuhusu mbwa fulani, pengine wale wa getini. Ukisema "the life" nasubiri umalizie, maisha ya nani? "The life of a soldier" sawa, hapo umemalizia.

Mfano wa bei ghali kuliko yote ni wa Neil Armstrong, Julai 1969, anakanyaga mwezi. Kilichosikika redioni ni "one small step for man, one giant leap for mankind". Shida ni kwamba "man" peke yake, bila kineno mbele, kwa Kiingereza kile ilimaanisha binadamu wote, sawasawa na "mankind", kwa hiyo ukiitafsiri kama ilivyosikika ni hatua ndogo kwa binadamu na ruko kubwa kwa binadamu. Haileti maana. Armstrong mwenyewe alisema alikusudia "for a man", hatua ndogo ya mtu mmoja, na watu wameibishania ile sauti miaka na miaka kama herufi moja ilitamkwa ikamezwa na redio au haikutamkwa kabisa.

Na kuna waliobishania kineno hiki kwa mambo mazito zaidi. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Novemba 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Hamna "the" kabla ya "territories". Upande wa Israeli ukasema, si mnaona, haikusemwa maeneo yote, upande wa Waarabu ukashika nakala ya Kifaransa iliyosema "des territoires", ambayo inasomeka kama maeneo hayo yaliyokaliwa. Mpaka leo wanasheria wanaandika kurasa na kurasa kuhusu neno ambalo halipo.

Sisi wa kawaida tunaangushwa na nomino zisizohesabika. Kiingereza kimeamua kwamba "information", "advice", "furniture", "equipment", "luggage" na "hair" ni kama maji, havihesabiki, kwa hiyo hakuna "an advice" wala "equipments". Angalia kwa Kiswahili hivyo vitu tunaviitaje: taarifa mbili, vifaa, mizigo, nywele. Kwetu vinahesabika kabisa, ndo maana mkono unaongeza s wenyewe. Ukitaka kimoja sema "a piece of advice", ukitaka kiasi sema "some information". Nywele ndo inachekesha, "she has long hair" ni mwanamke mwenye nywele ndefu, "she has long hairs" msikilizaji anapata picha ya unywele mmoja mmoja umechomoza mahali, sijui kidevuni.

Ila usikariri orodha ukafunga kitabu, kwa sababu neno moja linaweza kubadilika likivaa "a". "Is there room?" unauliza kama kuna nafasi, "is there a room?" unauliza chumba. "I have experience" una uzoefu, "I had an experience" una mkasa wa kusimulia. Kiswahili kinatumia maneno mawili tofauti, wao wanaongeza kineno kimoja tu mbele. Na "few": "I have few friends" ni malalamiko, marafiki zangu wachache mno, wakati "I have a few friends" huyo yuko poa, anao kadhaa.

Kazi ya mtu inataka "a", hii isikupite. "Yeye ni daktari" ni "she is a doctor", kwa sababu madaktari wako wengi na yeye ni mmoja wao. Kikiwa cheo cha mtu mmoja unaweza kusema "she is the president", au ukaacha kabisa kama unaongelea kuchaguliwa, "she was elected president".

Majina ya mahali sitaki kudanganya kwamba yana mantiki kamili, hapo ni mazoea. Mito, bahari na safu za milima zina "the", kama the Nile, the Indian Ocean, the Himalayas, ila ziwa moja au mlima mmoja hapana, Lake Victoria, Mount Everest. Nchi nyingi hazina, isipokuwa zile zenye neno kama "states" au "kingdom" au "republic", na nyingi zenye jina la wingi kama the Netherlands na the Philippines, na Gambia ambayo wenyewe wanaitaka rasmi, The Gambia. Ukraine kinyume chake, tangu ipate uhuru 1991 hawataki kusikia "the Ukraine" maana wanaona inawafanya kama jimbo la mtu.

Kuna na hii ya shule, jela na kanisa. "He is in prison" amefungwa. "He is in the prison" anaweza kuwa fundi bomba aliyeitwa kutengeneza mabomba na jioni anarudi kwake. "Go to school" ni kwenda kusoma, "go to the school" ni mzazi aliyeitwa na mwalimu. Hospitali ilipaswa kufuata mkondo huohuo, na kwa Mwingereza inafuata, mgonjwa aliyelazwa yuko "in hospital", ila Mmarekani anamweka mgonjwa wake "in the hospital" na haoni ubaya wowote, kwa hiyo hapo chagua upande mmoja ubaki nao.