Kupiga dawa hakuondoi kazi ya kufyeka kando ya barabara

Wengi huamini kwamba ukipiga glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kando ya barabara hadi kingo zikauke, umemalizana na kufyeka. Sivyo. Dawa hiyo haichagui: inaua magugu pamoja na nyasi zilizoshika udongo. Mizizi ikishaoza, mvua kubwa huchimba ukingo wa lami kwa chini na tope hujaa mtaroni. Kwenye udongo ulio wazi huota magugu mapya, mara nyingi magumu kuyaondoa kuliko nyasi za mwanzo.

Dawa itumike pale fyekeo lisipofika: nyufa za bega la barabara, chini ya nguzo za alama, kando ya vizuizi vya chuma. Kwingine fyeka, ukiacha nyasi sentimita 10 hivi.

Kosa jingine ni kuzidisha dozi ili nyasi zife haraka. Glaifoseti husafiri kwenye majani mabichi hadi mizizini, na hiyo huchukua siku 7 hadi 14. Ili upate dozi sahihi, kwanza pima bomba lako la kupulizia kwa maji matupu: likitumia lita 2 kwa mita za mraba 100, ni lita 200 kwa hekta. Kama lebo inasema lita 3 kwa hekta, bomba la lita 16 linahitaji mililita 240 tu. Usichanganye na maji ya tope. Udongo huing'ang'ania dawa ikakosa nguvu. Usipige majani yenye vumbi zito, wala nyasi zilizofyekwa jana: subiri zichipue.