Gesi ya jirani: bomba pekee halitoshi

Januari 2009, katikati ya baridi kali, gesi ya Urusi iliyopitia Ukraine ilikatika kwa takriban wiki mbili. Bulgaria na Slovakia ziliumia zaidi. Gesi ilikuwapo magharibi mwa Ulaya, lakini haikuzifikia nchi hizo: kompresa, mitambo inayoisukuma bombani, zilijengwa kuipeleka upande mmoja tu, toka mashariki kwenda magharibi. Kugeuza mtiririko kunataka kupanga upya vali na mabomba ya kituo, na mita za mpakani zipime pande zote mbili. Tangu 2010, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kazi hiyo ifanywe mapema, ingawa misamaha hutolewa.

Hata harufu huweka kizuizi. Gesi asilia hainuki, hivyo hutiwa kemikali ili uvujaji ugundulike. Ufaransa huitia kwenye mabomba makuu. Ujerumani huitia karibu na watumiaji, hivyo mabomba yake makuu hayakuzoea gesi yenye harufu. Ilibidi marekebisho yafanywe ndipo gesi ikaanza kutiririka moja kwa moja toka Ufaransa kwenda Ujerumani, Oktoba 2022.

Kila nchi ya Umoja wa Ulaya hujipima hivi: ondoa njia yake kubwa kuliko zote ya kupata gesi, kisha jumlisha uwezo wa zilizobaki, yaani mabomba, visima vya ndani, maghala na vituo vya gesi ya kimiminika. Zitosheleze siku ya mahitaji makubwa ambayo hutokea mara moja katika miaka 20.

Hapo maghala huwadanganya wengi. Ghala la chini ya ardhi likipungua, shinikizo hushuka, na kiasi kinachoweza kutolewa kwa siku hupungua pia. Ndiyo maana sheria ya Umoja ya 2022 iliweka lengo la kuyajaza hadi 90% kabla ya baridi, japo masharti yalilegezwa 2025. Nchi isiyo na ghala hutakiwa kuweka akiba kwa jirani. Ghala la Inčukalns, Latvia, huhudumia eneo zima la Baltiki. Bomba la baharini kati ya Finland na Estonia lilipopasuka Oktoba 2023, Estonia iliendelea kupata gesi kutoka kusini, na Finland ikategemea meli-kituo ya Inkoo, meli inayopokea gesi ya kimiminika na kuirudisha kuwa gesi.

Mambo yakizidi, nchi huomba gesi ya mshikamano, yaani msaada wa gesi kutoka kwa jirani. Lazima kwanza iwe imemaliza hatua zake zote za dharura, na gesi hiyo ni ya kaya na huduma muhimu kama hospitali, si ya viwanda. Tena hulipiwa. Ugumu uko kwenye fidia: jirani huenda akazima viwanda vyake ili akusaidie, na hasara hiyo ina bei. Ujerumani na Denmark zilitia saini makubaliano yao Desemba 2020, kabla ya dhiki. Kujadiliana bei huku mabomba yakipungua shinikizo ni kuchelewa.