Mjukuu hasimami mahali pa baba yake

Wiki hii tena nimeulizwa: "Maalim, baba yetu alitangulia kabla ya babu, lakini si tunasimama mahali pake katika mirathi ya babu?" Hamsimami. Nimechoka kulijibu hili barazani mtu mmoja mmoja, naliandika hapa.

Maziko, madeni, wasia, kisha warithi: utaratibu huo wa kutoa mali ya marehemu mnaujua, sikai hapo. Ila mahari ambayo mke hajalipwa nayo ni deni.

Chukueni shamba la Wete, Pemba, lenye mikarafuu 24, yote ya thamani moja. Babu kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume, binti mmoja, na mjukuu wa kiume ambaye baba yake alikufa mwanzo. Wazazi wa babu hawapo. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, 3. Mtoto wa kiume 14, binti 7. Mjukuu hapati hata mmoja, ami yake kamzuia. Sasa mwondoeni ami, abaki binti peke yake. Mke 3, binti nusu, 12, na 9 iliyobaki ni ya mjukuu yule yule, kwa asaba, yaani mrithi anayechukua kinachobaki baada ya wenye mafungu maalumu.

Basi msiseme "kanyimwa". Huyu ni mahjubu: ni mrithi, ila kakuta mbele yake mtu wa karibu zaidi. Mahrumu ni mwengine kabisa, mfano aliyemuua anayemrithi. Huyo kizuizi kimo ndani yake mwenyewe, na wala hamzuii mtu. Mnawachanganya wawili hawa mbele ya yatima, naye anakua akiamini ami yake ni dhalimu.

Linaloniudhi zaidi ni la upande wa pili. Tuseme babu kafa 1998, shamba likaachwa hivyo hivyo, kila msimu karafuu zinachumwa na ami. Baba kafa 2010. Watoto wakidai wanaambiwa: "Baba yenu hakuwahi kugawiwa, hana chake." Uongo! Haki ilimwingia baba pale babu alipokata roho. Mgao unaonyesha tu kipi cha nani. Fungu lile ni la warithi wa baba, na mama yao ana thumni yake ndani yake. Ndiyo maana nauliza vyeti vya vifo kabla ya hati ya shamba. Wakifa pamoja na isijulikane nani alitangulia, kama inavyoweza kutokea katika msiba mfano wa kuzama kwa meli ya Spice Islander mwaka 2011, hawarithiani.

Mahjubu ananitia uzito, sifichi. Misri iliweka wasia wa lazima kwa wajukuu mwaka 1946, na Pakistan mwaka 1961 ikawapa fungu la mzazi wao. Katika fiqhi ya Kishafi, yaani sheria za dini kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoifuata wengi hapa, hayo hayamo. Hoja za kila upande nimezisoma, na moyo wangu haujatulia.

Lakini babu mwenyewe alizuiwa na nani? Wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake waridhie. Mjukuu aliyezuiwa harithi, kwa hiyo anausiwa mpaka thuluthi ya mali, moja ya tatu, bila kumuomba mtu ridhaa. Babu aandike akiwa na akili zake, mbele ya mashahidi wawili waadilifu: mikarafuu 8 ni ya mjukuu wangu. Inabaki 16. Mke anachukua 2, na 14 ami na shangazi wanagawana, mbili kwa moja.