Je, Wajua? Bingo ya Maneno Humfundisha Mtoto Kusoma Pale Picha Zinapoondolewa

Bingo ya maneno ni mchezo mwepesi: mchezeshaji anataja neno, mwenye neno hilo kwenye kadi yake analifunika kwa punje, na anayekamilisha mstari anashinda. Ukitumia wanyama wa hadithini, unatamani mara moja kuchora: sungura na masikio yake marefu, chini yake limeandikwa SUNGURA. Kadi inapendeza, watoto wanachangamka, kila punje inatua mahali pake. Mzazi anafurahi kwamba mtoto anasoma, kumbe mtoto anatambua masikio tu.

Dhana kwamba picha humzoesha mtoto neno ni ngumu kung'oka, maana matokeo yake yanaonekana mazuri. Lakini mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, S. Jay Samuels, aliwafundisha maneno watoto wanaoanza kusoma, baadhi kwa picha na baadhi bila picha. Watoto wazito wa kusoma walijifunza maneno mengi zaidi pasipo picha. Picha ni kama jirani wa dawati anayemnong'oneza mwenzake jibu: jibu ni sahihi, ila kazi imefanywa na mwingine. Jaribio lile lilihusu maneno mamoja mamoja, kwa hiyo haliwi sababu ya kufuta picha kwenye vitabu vya hadithi, ambako zina kazi nyingine.

Sasa andaa kadi za maneno matupu, visanduku tisa kila moja, kutoka orodha ya wanyama 12. Kila kadi itakosa wanyama watatu, na hao ndio wenye faida kubwa kuliko wote. Neno lililopo likipatikana, msako umekwisha. Lisilokuwepo humlazimu mtoto apitie visanduku vyote tisa ndipo awe na hakika. Tena weka nyani, nyati, nyuki, nyoka na nyumbu pamoja. Akisikia "nyati", kidole kitatua kwenye nyani, kitasita, kisha kitahama, kwa sababu herufi tatu za mwanzo hazitoshi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo anaweza kujihakikishia mwenyewe, silabi kwa silabi.

Na hadithi je? Ziweke kinywani mwa mchezeshaji. Badala ya kutaja "sungura", sema: "Aliyeruka mpaka akachoka, akasema sizitaki mbichi hizi!" Badala ya "kima": "Aliyemwambia papa kwamba moyo ameuacha nyumbani." Mtoto anakumbuka kisa, anapata jina, ndipo anaanza kusaka herufi zake. Ni raha kuwaona wakinyamaza ghafla kutafuta. Ila asiyekijua kisa atakwama, kwa hiyo visimuliwe kwanza.

Kwa mtoto ambaye bado hajajua silabi, kadi ya namna hii ni michoro isiyo na maana. Huyo mpe ya picha. Atajifunza kusikiliza na majina ya wanyama, na hilo nalo ni jema, mradi tusiliite kusoma.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba ushindi hutegemea bahati ya kadi, hivyo msomaji mzito anaweza kumshinda hodari. Sharti liwe moja: anayeita "Bingo!" aondoe punje za mstari wake moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti neno lililo chini. Akikosea, anairudisha punje na mchezo unaendelea.