Riwaya ya Katherine: tunachobishia wasikilizaji na kilichotokea kweli

Kuna riwaya ya zamani inaitwa Katherine, ya Anya Seton, ilitoka 1954, na kila anayependa vitabu vya kusikiliza atakwambia isikilize hiyo, utalia. Mimi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza kwenye foleni za asubuhi, ya pili nikiwa napiga pasi, na kila nikikutana na mtu aliyeisikiliza lazima tubishane. Sio kama ni nzuri au mbaya, hapana, tunabishana nini kilitokea na wapi mwandishi katia chumvi. Na nilichogundua wengi tunakosea kwa mtindo uleule, yale tunayosema hayawezekani ndio yaliyotokea, na yale tunayomeza bila kutafuna ndio yametungwa.

Kwa ambaye hajaisikiliza: ni Uingereza ya miaka ya 1300, binti anaitwa Katherine anaolewa na kabaila wa shamba, Hugh Swynford wa Kettlethorpe, halafu anaishia kuwa nyumba ndogo ya John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward III na mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi nzima, wanazaa watoto wanne, miaka inaenda, uzeeni jamaa anamuoa.

Dhana ya kwanza ndio hiyo hapo mwisho. "Aah wapi, mtoto wa mfalme aoe mchepuko? Hiyo ni ya kwenye tamthilia." Sasa hiyo ndio ya kweli kabisa. Walifunga ndoa Januari 1396, kwenye kanisa kuu la Lincoln, bwana harusi ana miaka 55 na bibi harusi arobaini na kitu, yaani ni zaidi ya miaka ishirini tangu waanze mambo yao. Tena ilibidi Papa atoe ruhusa, maana John alikuwa baba wa ubatizo wa binti wa Katherine aliyezaa na Hugh, na kwa sheria za kanisa za wakati ule hiyo ilikuwa kama undugu. Froissart, mwandishi wa matukio wa enzi hizo, anasema mabibi wakubwa wa Uingereza walichukia mpaka wakaapa hawataingia sehemu aliyopo huyo mwanamke, kwa sababu mfalme Richard II wakati huo hakuwa na malkia kwa hiyo Katherine ndio anatangulia wote. Mimi hapo nilicheka sana, ni kama wale wanaosusa shughuli kwa sababu mama fulani kakaa meza ya mbele.

Wengine wanasema alikuwa housigeli tu, maskini wa Mungu aliyebahatika. Hapana. Baba yake, Paon de Roet, alikuwa kabaila kutoka Hainaut, upande wa Ubelgiji ya leo, kwao malkia Philippa, mama yake John, na Katherine mwenyewe alikuwa mlezi rasmi wa mabinti wa John. Dada yake ndio mke wa Geoffrey Chaucer, yule mshairi, kwa hiyo wale wanaodhani Chaucer kapachikwa humo ili kunogesha stori, jamani huyo ni shemeji mtu.

Halafu hii ya Hugh. Samahani kama hujafika hapo, ila kwenye riwaya mume anakufa kwa sumu, anayemuwekea ni mtumishi wa John, na Katherine akija kuijua hiyo siri baadaye, inamtafuna. Watu wote niliobishana nao wanaiamini hii kama msahafu, kuna mmoja alinambia "ndio maana wakaadhibiwa". Ukweli ni kwamba Hugh alifia Aquitaine, kule Ufaransa, mwaka 1371 akiwa vitani, na hakuna ushahidi wa sumu wala wa mtumishi. Mwandishi alihitaji dhambi ya kubeba stori, akaitengeneza, na mimi simlaumu maana sehemu ile inasikilizika vibaya sana, nilipitiliza kituo. Hata kile kifo cha Blanche, mke wa kwanza wa John, kwenye kitabu ni tauni ya 1369, lakini wanahistoria baadaye walipata barua zinazoonyesha alishakufa Septemba 1368. Hapo mwandishi hana kosa, mwaka 1954 watu wote walikuwa wanasema 1369.

Gaunt nayo. Kuna wanaoamini ni jina la utani kwamba jamaa alikuwa mwembamba kama fito. Gaunt ni Ghent tu, mji wa kule Ubelgiji alikozaliwa mwaka 1340, Waingereza wakautamka wanavyojua wao. Ukisikiliza bila kuona maandishi ni rahisi kukosea hapo.

Dhana nyingine inayonikera: eti alikuwa anakaa tu kwake anasubiri bwana aje. Kwenye hesabu za meya wa Leicester za miaka ya 1370 imeandikwa kabisa kwamba mji ulimpelekea Katherine farasi na chungu cha chuma, ili awasukumie jambo lao kwa John. Yaani kitu kidogo, na waliandika kitabuni! Watu wa mji walijua mlango wa kugonga ni upi. Kwenye riwaya huyu mama wa kupitishiwa mambo humuoni sana, unamuona mpenzi analia dirishani, na kwangu mimi huyu wa farasi na chungu ni mtamu zaidi.

Watoto je? "Watoto wa nje hawarithi kitu." Hao wanne, ukoo wa Beaufort, walihalalishwa na Papa halafu na mfalme bungeni mwaka 1397. Mwaka 1407 kaka yao kwa baba, Henry IV, akachomeka kwenye hati ya kuwahalalisha maneno matatu ya Kilatini, yaani isipokuwa cheo cha ufalme. Haikusaidia. Henry VII aliyechukua kiti 1485 mama yake alikuwa kitukuu wa Katherine, na kila mfalme na malkia wa Uingereza tangu hapo ana damu yake.

Na wale wa "kusikiliza sio kusoma", nawajibu haraka. Enzi za Katherine wengi kitabu walikisikia, mmoja anasoma wengine wametega masikio. Ipo picha kwenye nakala ya zamani ya shairi la Chaucer iliyoko Cambridge, mtu kasimama kwenye kitu kama mimbari, mabwana na mabibi wa ikulu wamemzunguka, na inadhaniwa ni Chaucer mwenyewe. Hata bibi zetu wa pwani tenzi walizijua kwa masikio. Kwa hiyo niacheni na hedifoni zangu, ila toleo lililofupishwa usichukue, linakata yale majumba na misafara ndio utamu wote.

La mwisho ni la wale wanaomaliza kitabu huku wanafuta machozi, wanasema basi wakazikwa pamoja. Hapana jamani. John alifariki Februari 1399 na alitaka alazwe pembeni ya Blanche, mke wa kwanza, kwenye kanisa la St Paul's pale London, na kaburi lile lilipotea kabisa baada ya moto wa 1666. Katherine alifuata 1403, yuko Lincoln kwenye kanisa lilelile alilofungia ndoa, na aliyelala jirani yake ni binti yake Joan. Vile vibao vya shaba vya juu ya makaburi yao viling'olewa na wanajeshi mwaka 1644, mawe yamebaki matupu.